Jukwaa la Mashariki

Jumatatu, 5 Mei

Binti yangu,

Meneja wa uwanja alitangaza jana kwa kipaza sauti, mara tu baada ya filimbi ya mwisho: fainali ya kombe la mji ni Jumamosi tarehe 24, timu ya chuo dhidi ya klabu yetu ya ligi kuu, na jukwaa la mashariki lote ni la wanachuo. Mimi sikumsikia. Mama yako ndiye aliyeniandikia nyuma ya tiketi.

Hujambo lakini? Kikohozi kimeisha? Na huko ofisini, bado wanakuchoresha ramani za vyoo tu? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, ulimi hauna tatizo. Kitindamimba wetu sasa ndiye mpiga ngoma mkuu wa mashabiki wa chuo. Masomo sijui, ila mikono imekomaa kuliko yangu.

Nina jambo. Mashabiki wa ligi kuu hukaa kama wako kikaoni. Wanachuo hawakai. Mdogo wako akipiga ngoma, watu elfu mbili wanaruka kwa mpigo mmoja. Unajua miaka thelathini ya mashine ya zege ilivyoniharibu masikio. Mechi naitazama kwa macho na kwa miguu. Jana nilikuwa safu ya nane. Sakafu ilikwenda mbele, ikarudi. Wao walipokwisha kutulia, yenyewe ilikuwa bado inakwenda.

Leo asubuhi nimeingia chini ya jukwaa. Boriti ya tatu ina ufa unaoingia ukucha. Nimebandika vipande vitatu vya kioo kukatiza ufa huo, kwa plasta, na kuandika tarehe kwa penseli. Ufa ukisogea, kioo kitavunjika. Mwonyeshe mhandisi wenu barua hii.

Baba yako

---

Alhamisi, 8 Mei

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata kwa kondakta wa basi, ikiwa na doa la chai yake. Kikohozi kimeisha. Mwambie mama asipande ngazi za uwanja na goti lile.

Mhandisi wetu ameisoma mara mbili. Alisema, "Huyu mzee wako ni fundi au ni daktari?" Kisha akaacha kucheka. Anasema ufa peke yake si kitu, majengo mengi yana nyufa. Anataka kujua ni mechi zipi zitakazovunja kioo. Niandikie baada ya Jumapili, usikose.

Binti yako wa kwanza

---

Jumatatu, 12 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Majibu ya mhandisi wako ni haya. Jumamosi ilikuwa mechi ya ligi kuu, jukwaa limejaa mpaka ngazini. Vioo vyote vitatu vizima. Jana ilikuwa mechi ya chuo, jukwaa halikujaa hata nusu. Viwili vimevunjika. Kwa hiyo si uzito. Ni kuruka pamoja.

Leo asubuhi nilimpelekea meneja vipande mkononi. Alizungumza polepole ili nisome midomo yake.

"Mzee, uwanja huu ulijengwa kabla hujaota ndevu."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja."

Watu wa ofisini kwake walicheka, yeye hakucheka. Alisema nimeharibu mali ya uwanja. Mchana nilipita tena: kile kioo cha tatu kimebanduliwa, ufa umezibwa kwa plasta, na boriti yote imepakwa rangi ya klabu. Plasta ilikuwa bado mbichi.

Mama yako anasema nisijitafutie makubwa na umri huu. Lakini jana usiku hakulala.

Baba yako

---

Ijumaa, 16 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini mmeamka salama. Mhandisi wetu anasema hataki kusikia neno rangi tena. Uwanja si wetu, hawezi kuufunga, ila ameandika barua kwa ofisi ya mji, na mimi nimeipeleka mwenyewe mpaka mezani. Nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Naambiwa nisubiri.

Tusikae kusubiri tu. Wanaruka kwa sababu ngoma inapigwa, na mpigaji hulala chumba cha pili nyumbani kwako kila mwisho wa wiki. Mkalishe, mweleze kila kitu: vioo, boriti, rangi. Usimpunguzie. Akijua kwamba jukwaa linacheza ataogopa, atawaambia na wenzake, nao wataogopa.

Binti yako

---

Jumatano, 21 Mei

Binti yangu,

Tumekosea, wewe na mimi.

Nilimkalisha Jumapili, nikamchorea boriti kwenye daftari lake. Aliogopa kweli, kama ulivyosema. Na aliwaambia wenzake kweli, kama ulivyosema. Wao ndio hawakuogopa.

Jana nimepita chuoni. Ukuta wa bweni umebandikwa karatasi kubwa: "JUMAMOSI TUNALITIKISA JUKWAA. FUNDI AMETHIBITISHA LINACHEZA!" Vijana wanne walinizunguka kunipa mkono. Mmoja aliandika kwenye simu akanionyesha: "Mzee, heshima yako! Wale wa klabu hawajawahi kutikisa hata kiti." Nilijaribu kueleza. Nilipiga kelele, nadhani, maana watu waligeuka. Walipiga makofi.

Tiketi za jukwaa la mashariki zilikwisha juzi saa nne asubuhi. Za majukwaa mengine bado zipo.

Mdogo wako amelia, amenuna. Nilimwambia abaki nyumbani. Akaniandikia: "Baba, nikiacha mimi, atapiga mwingine."

Ofisi ya mji wamesemaje?

Baba yako

---

Alhamisi, 22 Mei

Baba,

Ofisi ya mji wamejibu leo, kwa barua ya mistari minne. Karani aliyenikabidhi alisema nina bahati, kwa kawaida huchukua mwezi. Mhandisi wa mji atakagua jukwaa la mashariki Jumatatu tarehe 26, saa tatu asubuhi.

Nilimwambia karani, "Mechi ni Jumamosi." Akasema, "Sawa, dada, ndiyo maana tumeweka Jumatatu. Jumamosi uwanja una watu."

Nimempigia meneja mara sita. Mara ya sita alipokea, akasema wazee wasiosikia husikia mengi, akakata.

Baba, Kitindamimba hapokei simu zangu, mzuieni nyinyi. Mfungieni mlango ikibidi. Na wewe usiende. Nimeomba ruhusa, wamenipa kuanzia kesho jioni. Basi la kwanza la Jumamosi linafika huko saa tisa alasiri. Nakuja moja kwa moja uwanjani. Nijibu kwa kondakta yuleyule.

Binti yako

---

Jumamosi, 24 Mei, saa mbili asubuhi

Binti yangu,

Barua yako imefika jana jioni. Hii nampa kondakta anayeondoka sasa. Mabasi yenu yatapishana njiani, naye atampa mwenzake akuletee kwenye kituo cha katikati.

Mlango sikufunga. Mdogo wako ana miaka ishirini na mbili. Ila tumepatana. Ngoma atapiga yeye, na atapiga vibaya makusudi: atachelewesha, ataruka pigo, atapotosha, ili wasiweze kutua pamoja. Jana tumefanya mazoezi sebuleni, mimi kiganja juu ya ngozi ya ngoma, mama yako akiruka kwa mguu mmoja mzima kujaribu. Alishindwa kufuata. Tulicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Leo alfajiri amepigiwa simu na wenzake. Wameazima ngoma nyingine tatu, na wapigaji wake.

Nimepata tiketi, nimeinunua kwa mwanachuo mmoja kwa bei aliyotaka. Safu ya nane, nyuma ya mdogo wako. Nikihisi sakafu inakwenda nitamvuta tusimame kwenye ngazi, na tutatoka na wengi kadiri tutakavyoweza kuwashika mikono. Mama yako anabaki nyumbani, amekubali. Wewe ukifika, usiingie mlango wa mashariki. Simama nje, upande wa ofisi ya meneja, nitakuona.

Milango inafunguliwa saa saba mchana. Ngoma zinaanza saa tisa na nusu. Mpira ni saa kumi kamili. Mhandisi wa mji ni Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Baba yako