Malkia Asiyekula Kamongo

Mpendwa Shangazi Benigna,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mama mkwe wangu ameitisha kikao cha familia, ajenda ni mimi, na sijui nitajibu nini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muleba, nimeolewa mwaka wa sita sasa, na ninaandika riwaya za vijana, zile za falme za ajabu na watu wenye nguvu zisizo za kawaida, nazichapisha mwenyewe kwa sababu wachapishaji niliowaandikia hawakunijibu, hata wa kunikataa sikumpata. Kitabu changu cha kwanza kinaitwa Kokwijuka na Enzi ya Chini ya Ziwa, kinahusu binti wa miaka kumi na mitano anayezama ziwani akakuta huko chini ufalme mzima unaotawaliwa na malkia mkatili, nacho kinapatikana kwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi. Nimekitangaza mpaka nimechoka, kila siku naweka jalada kwenye stetasi, watu wananiandikia hongera halafu wananiomba niwatumie bure kwenye simu, na mwalimu mwenzangu mmoja alinisifia nusu saa nzima ndipo nikagundua anaongelea picha ya jalada.

Basi Jumapili ya mavuno nikapeleka nakala moja kanisani kama sadaka, nikijua baada ya ibada vitu vinapigwa mnada na waumini wote watakiona. Mkungu wa ndizi ukagombewa, jogoo akagombewa, hata boga lililooza upande mmoja likapata mwenyewe, lakini mzee wa kanisa alipoinua juu Kokwijuka na Enzi ya Chini ya Ziwa hakuna aliyetaja hata shilingi, nikatamani ardhi ipasuke, mpaka mama mkwe akanyoosha mkono akakinunua, nadhani ili kuficha aibu ya familia.

Shangazi, sikufikiri hata siku moja kwamba atakisoma. Kila jioni akawa anamwita mjukuu wake Renatha amsomee huku yeye akimenya ndizi, nami nikaona fahari, hadi walipofika sura ya tisa, pale malkia anapoletewa samaki aina ya kamongo anaisukuma sahani na kusema huo ni muziro, mwiko wa ukoo wake, haliwi. Mama mkwe akaweka kisu chini. Kamongo ni muziro wa ukoo aliozaliwa yeye. Wewe unatujua sisi Wahaya, mtu hata awe wa kubuni lazima awe na ukoo, na nilipokuwa namwandika malkia niliona hawezi kutawala watu bila muziro, nikampa ule uliokuja kwanza kichwani. Mume wangu anataka niseme ilitokea tu, lakini wewe nakuambia ukweli, malkia ni yeye. Anafunua masufuria ya watu bila kuombwa, anaminya ndizi za sahani kwa kidole kabla hajakaa, na ukimsalimia anakutazama kwanza miguu kama imeoshwa ndipo aitikie. Nilimwandika kwa hasira, mwaka wa pili wa ndoa yangu, aliposema mbele ya wageni kwamba ndizi zangu kama zimemenywa na kuku.

Tangu sura hiyo hasemi nami. Kitabu kilipoisha alimwambia mume wangu neno moja tu, "Huyo mke wako bado hajanijua." Na anazidi kukusanya ushahidi, maana Renatha amemsomea mpaka mwisho, ile sura ya vita ambapo Kokwijuka anammwagia malkia kopo la majivu na malkia anakimbia akilia, Renatha amerudishwa aisome mara mbili, na juzi katumwa kuniuliza cha pili kinatoka lini. Cha pili nimekihangaikia miaka mitatu, kiko tayari kwenda kwa mchapaji, na malkia anakufa ukurasa wa nne. Mume wangu anasema niachane na vitabu ili nyumba itulie. Nifanyeje, niache kuandika, au nibadilishe muziro nikane kwamba ni yeye?

Mwandishi mwenye hofu, Muleba (tafadhali jina langu lisitajwe)

---

Mwanangu mwandishi,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa la kitabu umelitaja mara mbili, pamoja na duka. Hata kikao kikikukaribia bado unatangaza. Nimekuachia, kwa kuwa naona hali ni ngumu.

Pole kwa mnada. Kuzidiwa na boga bovu mbele ya waumini kunauma, na sitakucheka zaidi ya nilivyokwisha kucheka. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mama wa watu alikutukana ndizi, nawe badala ya kumwambia umeumia ukamvika taji, ukampa jeshi, kisha ukampeleka kanisani akapigwe mnada. Na hilo la kukana usithubutu. Mtu anakijua kidole chake mwenyewe.

Sasa isome tena barua yako kama unavyosahihisha madaftari ya wanafunzi. Umetafuta wasomaji kwenye simu, kwenye duka, mpaka madhabahuni. Katika Muleba yote, nani amekifikisha kitabu chako mwisho? Nani ameirudia sura ya vita? Nani ameuliza cha pili? Wewe unaita ushahidi. Mimi naita msomaji, na kwa maelezo yako mwenyewe unaye huyo mmoja tu.

Sura ya tisa ilimuudhi, sibishi. Lakini kama ingekuwa kamongo peke yake, angekifunga kitabu pale pale. Aliendelea, akafika mwisho, akajikuta anatimuliwa na kitoto kwa kopo la majivu, tena analia. Ndiyo maana amesema hujamjua, yeye si wa kukimbia akilia. Mimi nisiyewahi kumwona namwamini.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Jumamosi beba mkungu uende kwake, upige magoti, umsalimie, na miguu uioshe. Keti umenye ndizi mbele yake, hata kama utamenya kama kuku. Mwambie kwa mdomo wako kwamba malkia ni yeye, kwamba ulimwandika kwa hasira, na umwombe msamaha. Muziro utauondoa utakapochapa tena, kwa sababu ni wa ukoo mzima na ukoo haukukukosea kitu. Kuandika usiache. Mumeo, ambaye hujaniambia kama amekisoma, akisome kwanza ndipo ashauri.

Baada ya hapo toa kitabu cha pili, msomee kurasa nne za mwanzo, kisha unyamaze. Atakachosema kiandike. Na kama ni lazima malkia afe, basi asife mapema, wala asife kirahisi. Mwache awasumbue wote kwanza.

Shangazi Benigna