Baba Asiende Lusangi

Kampala

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujasoma, angalia kamba iliyofunga barua hii. Ni fundo lako, lile unalofungia magunia ya mchele. Kama silo, barua si yangu, itie jikoni. Kama ndilo, basi pokea heshima na salamu za mwanao Feza. Mguu wa Baba umepona? Na kifua chako kimekuachia? Mimi nala, kazi ipo, usingizi ndio haba.

Sina habari nzuri. Narudia yale niliyokuambia kwenye simu, maana ulikuwa ukicheka na sidhani ulinisikia. Ulisema, "Feza, mutoto iko muzima! Baba yako ataenda kumufuata mvua ikipungua." Nami nilikuwa nimepiga ili kukataza.

Unajua kwamba tulipokimbia Salamabila na mwanao Asumani akapotelea kwenye mashimo ya dhahabu, niliandika ile programu ya simu mnayoiita kitabu cha Feza. Aliyekimbia anaacha humo jina lake na mahali alipo, ndugu zake wanamtafuta. Wengi wamepatana, nawe ukajivuna sokoni mpaka nikaona haya. Nisikudanganye, nilijivuna pia.

Programu huandikwa kwa lugha yake, na lugha hiyo huja na vifaa vilivyo tayari. Kimoja ni mlinzi. Kabla simu haijasoma kitabu, yeye humdai anayesema "mimi ndiye kitabu" aonyeshe cheti chenye jina. Ni kama Babu alivyokuwa hampokei mjumbe wa kutoka Kabambare asiyebeba kofia au kisu cha aliyemtuma. Sasa mlinzi huyu alikuwa na kasoro. Jina likiwa na nafasi tupu katikati, alisoma hadi hapo akaacha. Mjanja akipata cheti chenye jina letu, halafu nafasi tupu, halafu jina lake mwenyewe, mlinzi alimfungulia. Akishakaa katikati ya simu na kitabu anasoma yote yanayopita, na anaandika atakacho kwa jina la mtu yeyote.

Kasoro si mimi niliyeiweka. Ila wenye lugha walitoa dawa yake tangu kiangazi, nikaiona, nikaiacha, kwa sababu ilikataa simu za zamani. Simu yako ni ya zamani, Mama, na za nusu ya Kasongo pia. Nikasema, Mama atafungua kitabu asione kitu, nitamwambia nini? Acha ningoje wapate simu mpya. Simu mpya, Kasongo! Ndiyo akili mliyoilipia shule.

Mwezi uliopita alinipigia dada mmoja wa Kabambare. Mume wake alikuta kwenye kitabu ujumbe wa kaka yake aliyepotea, kwamba aje peke yake. Alikwenda, na hajarudi. Baadaye kaka mwenyewe alijitokeza, akasema hajawahi kuandika neno humo. Siku hiyohiyo nilikifunga kitabu, lakini ujumbe wa Asumani ulikuwa umekwisha kuwafikia. "Niko muzima, niko Lusangi, Baba anifuate yeye peke yake." Hakuuliza hata habari yako. Lakini Asumani siku zote alikuwa mtu wa maneno machache.

Baba alichukua simu kwako, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mutoto wangu ananiita, na weye unaniambia nikae?" Mtandao wa Kasongo ukakatika, na haujarudi.

Nimechungua kila kilichobaki kwenye kompyuta. Hakuna kinachosema ni yeye, hakuna kinachosema siye. Kama siye, Baba anakwenda mikononi mwa watu tusiowajua. Kama ndiye, basi anakaa Lusangi akitazama njia, na dada yake ndiye aliyemzuilia baba. Hata maswali ya kumpima hayafai, maana mambo yetu yote ya nyumbani tuliyaandika humo na huenda wameyasoma. Naogopa, Mama. Sioni la kufanya ila kuomba Baba asiende.

Barua anaibeba mama mmoja wa vitenge, jirani yangu hapa, anayefika hadi Kasongo. Njia ni ndefu, na mvua inaweza kupungua kabla yake. Nisalimie Shangazi, mwambie dawa ya macho iko kwa huyo mama. Msalimie Mjomba fundi baiskeli, na mwalimu wangu wa hesabu, ila huyo usimweleze.

Nilipokuwa nafunga kamba hii nilidhani nimepata njia. Atumwe Lusangi mtu wa pikipiki asiye wa ukoo wetu, abebe kipande cha kamba, amwombe huyo anayejiita Asumani afunge fundo la Mama. Hilo hatukuliandika popote. Nikafurahi, nikaanza hata kuimba. Halafu nikakumbuka kwamba Asumani hakuwahi kulijua. Kila mavuno alinisogezea gunia lake, na mimi ndiye niliyemfungia.

Binti yako,
Feza