Daktari Aliniuliza Baba Yake Bless Alikufa kwa Ugonjwa Gani

Vreni, mbwa wangu Bless amekufa. Nimetoka kwa daktari wa mifugo sasa hivi, niko kwenye gari.

Asubuhi alianguka mlangoni pa zizi, mume wangu Hansueli akiwa anakamua ng'ombe. Hakulia hata kidogo. Ufizi ulikuwa mweupe kabisa.

Daktari Zurbuchen akampiga picha ya tumbo na kifua, halafu akasema, "Bi Regula, ni saratani. Iko kwenye bandama, iko kwenye mapafu, na anavuja damu ndani. Tusimtese."

Miaka sita, Vreni! Sita tu!

Akamchoma sindano, nami nikamshika kichwa mpaka akaacha kupumua.

Ndipo daktari akaniuliza, "Baba yake alikufa kwa ugonjwa gani?"

Nikasema uzee.

Nilisema uzee!! Mkono wangu bado uko kwenye manyoya yake, nasema uzee.

Akaniangalia. "Hawa mbwa wa Bern wanarithishana hii saratani. Huyo baba alikuwa na miaka mingapi?"

Nilichukua mkanda wa shingoni wa Bless nikatoka.

Baba yake naye alikuwa na miaka sita, Vreni. Saratani hiyohiyo. Nilijua, na bado nikampandisha Bless, kwa sababu alishinda kwenye maonyesho na kila mtu alitaka mtoto wake.

Na wewe nikakupa Zita, binti yake. Uliniuliza jikoni kwangu kama ukoo ni mzima, nikakwambia ni mzima kabisa.

Sasa ana miaka minne. Mpeleke akapimwe kesho, tafadhali.

Ukitaka kunitukana nipigie. Nitapokea.