Mkono Wako Haukukosea

Shikamoo, Fundi Sadiki.

Najua hutaitikia, lakini kuanza bila shikamoo kwako siwezi, hata sasa. Ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Pikipiki ikizimwa nje ya karakana bado nainua kichwa. Jumapili ile asubuhi waliponipigia kwamba umeanguka ukitawadha, niliuliza "Fundi yupi?" mara tatu. Jana yake tulikuwa wote Mkuyuni, umepanda ngazi, umekula mihogo, umenitania. Mtu wa jana anakufaje leo?

Lakini ninaandika kwa sababu ya nilichokiona juzi. 

Jumamosi yetu ya mwisho, kaushio la hiliki la akina mama wa Mkuyuni lilikuwa linawaka tangu alfajiri. Kompyuta ilionyesha nyuzi arobaini na saba, joto tulilolitaka hasa. Wewe ukaweka kiganja kwenye mlango wa kaushio, ukakiondoa, ukakirudisha. Ukasema, "Neema, humu ndani kuna zaidi ya sitini." Nikakuonyesha kompyuta. Nikakwambia, mbele ya mwenyekiti wao Bi Mwanahamisi na wenzake, kwamba chombo hakizeeki. Wakacheka. Hata wewe ulicheka. Kisha ukakitazama kiganja chako, ukasema taratibu, "Labda mkono ndio umezeeka."

Njia nzima mpaka mjini ulikuwa ukikikunja na kukikunjua kiganja hicho.

Wiki iliyopita Bi Mwanahamisi akanipigia. Mchumo wote wa kwanza ulikuwa umetoka rangi ya majani makavu, harufu hakuna. Nikapanda Mkuyuni peke yangu. Kaushio likiwa limezimwa, nilichemsha maji nikatumbukiza ncha ya thamokapo, ule waya wetu wa kupimia joto. Ikasoma sawasawa. Nikawasha kaushio, nikaweka ndani kipimajoto cha kioo kando ya ncha ile ile. Kioo kikasema sitini na nne. Kompyuta ikasema arobaini na saba.

Nilikaa chini, Fundi. Palepale kwenye sakafu.

Kwa sababu nilijua. Waya wa thamokapo ulikuwa mfupi, na uliniambia tusubiri mwingine kutoka Dar. Ulinieleza kwamba thamokapo inapima tofauti ya joto kati ya ncha yake na pale waya wake unapoishia, kwa hiyo lazima waya huo wenyewe ufike mpaka kwenye amplifaya. Amplifaya wewe uliiita kipaza sauti, maana thamokapo inanong'ona na kisanduku cha kurekodi, kile kinachoipelekea kompyuta namba, hakisikii minong'ono. Mimi nikachoka kusubiri. Nikaunga kipande cha waya wa shaba wa kawaida, kiungo nikakificha nyuma ya bati la kaushio. Bati lilipopata moto, kiungo nacho kikapata moto, tofauti ikapungua. Kompyuta ilisema uongo nilioufunga mimi kwa utepe mweusi.

Na wewe ukafa ukidhani ni mkono wako.

Sijui nifanye nini na sentensi hiyo. Naiandika, naiangalia.

Niliwaita akina mama nikawaambia yote. Bi Mwanahamisi aliendelea kupukuchua hiliki iliyoharibika. Akasema, "Ungenyamaza, tungemlaumu marehemu. Tulishaanza." Halafu akaniambia nirekebishe, kwa kuwa mchumo wa pili uko njiani.

Nikarekebisha. Waya mpya wa thamokapo, ule uliotaka tuusubiri, unatoka ndani ya kaushio hadi kwenye amplifaya bila kiungo hata kimoja. Amplifaya nimeihamishia mbali na moto, jirani na kisanduku cha kurekodi. Waya wa kutolea ishara umeingia tundu la kwanza la kisanduku, na waya wa ardhi wa amplifaya nimeuunga na ule wa kisanduku, kwani ulisema bila ardhi moja kila kimoja kinahesabu kuanzia sifuri yake. Tukawasha. Kioo na kompyuta vikapanda pamoja. Akina mama walinipa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Limebaki jambo moja. Matangani, mkeo Mama Hadija aliniuliza kazini kulitokea nini Jumamosi ile, maana ulirudi nyumbani mnyonge na chakula hukugusa. Nilimtazama usoni nikamjibu kwamba hakukutokea kitu.

Kwaheri, Fundi wangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi kesho asubuhi, kabla sijafungua karakana, nitakwenda nyumbani kwako Mwembesongo nimjibu upya.

Mwanafunzi wako,
Neema