Nilifumba Macho Bura

Mama Wakesho wangu, amani ya Bwana ikufikie huko Bomeni.

Hapa Bura ukungu unashuka hadi kwenye kabeji, ni kama ndoto. Dairekta wa filamu yetu alikuwa ameshanionya: nikikosea tena, narudi nyumbani. Leo nikampiga picha mama mmoja mzee akiombea shamba lake. Alipoanza tu, nami nikafumba macho! Mkono ukalegea, kamera ikamwacha, ikageukia mlimani.

Dairekta akamsihi arudie.

“Nirudie? Kwani Mungu ni kiziwi?”

Basi tukatazama ile picha. Ukungu ulikuwa ukipanda mlimani polepole, na sauti ya mama ndani yake. Dairekta akanigeukia, akasema, “Hii inabaki. Lakini mzee, ulikuwa umefumba macho?”

“Amina,” nikamjibu.

Nilikuwa nakuombea wewe na hilo goti lako linalouma.

Baba Wakesho