Farasi Aliyezikwa Peke Yake

Muaither, Doha
19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Malava. Natumai miguu imepoa, na masikio, hata kama hayasikii tena, hayakuumi. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Hii naituma kwa simu ya mdogo wangu Olivia. Akitoka chuoni mwambie aikuze maandishi usihangaike na miwani.

Wamenitoa kwenye lango la hoteli. Sasa nalinda jumba la makumbusho, chumba kimoja tu, na mali yote ya chumba hicho imetoka makaburini. Ni ya watu walioitwa Wasikithi, wa zamani sana kabla ya Kristo. Walikuwa wafugaji wa farasi kwenye nyika za mbali huko kaskazini. Hawakujenga nyumba. Watoto walizaliwa juu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe na kukulia hapo hapo, wakinywa maziwa ya farasi. Kuna paa wa dhahabu aliyekunja miguu, mdogo kama sanduku la kiberiti. Nasimama mbele yake kutwa na hajanichosha. Wakishazika, hawakunawa kwa maji. Waliingia kwenye hema dogo la manyoya, wakatupa mbegu za bangi juu ya mawe ya moto, wakajifukiza hadi wakalia kwa sauti.

Kuhusu Kaka Eugene, sina jipya. Nimeuliza tena mtaa wa Al Mansoura kwa Wakenya wa pale. Wengine wanasema alimtoroka kafili wake, yule mwajiri aliyemleta huku, wengine wanasema alivuka mpaka. Hakuna aliyemwona.

Mwanao,
Levis


Malava
2 Februari 2025

Levis mwanangu,

Nimepokea salamu na ninazirudisha zikiwa zimeongezeka. Miguu inanipeleka kanisani na kunirudisha, mengine ni kelele. Olivia amepiga picha karatasi hii, kwa hiyo usilaumu mwandiko, laumu simu.

Bangi matangani. Nilimsomea baba yenu mdogo Laban, akasema hao ni watu wenye akili kuliko walokole wetu. Nikamfukuza.

Lakini alikuja na neno lake lile lile. Wazee wamekaa. Wanasema Eugene amenyamaza miaka mingi mno, na mtu akipotea hivyo hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, roho yake ipate pa kulala. Wanasema wewe huwezi kujenga hapa nyumbani mkubwa wako hajajenga wala hajazikwa, na hata huyo msichana unayemficha huwezi kumleta. Wanayosema ni kweli, najua. Ila mimi sikuzaa mgomba. Siku nitakapoufukia ndiyo siku nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nimewaambia hapana, nimewapa chai, wakaenda.

Niambie, hao watu wako wasio na nyumba walizikana wapi?

Mama yako


Muaither
23 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumai barua hii imekukuta na nguvu. Mimi niko salama, ila hii dyuti ya kusimama imeanza kunila magoti.

Umeuliza walizikana wapi. Nilimuuliza Phoebe, dada wa Kisumu anayewatembeza wageni chumbani kwetu. Anasema mfalme wao akifa, mwili ulipakwa nta ukawekwa juu ya gari, ukazungushwa kabila baada ya kabila. Kila ulipofika watu walijikata nywele na kujikwaruza uso. Waliishi popote, lakini kuzika walizika mahali pamoja, na juu yake wakarundika udongo hadi ukawa kilima. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Uajemi aliwafukuza na jeshi lake, wao wakawa wanarudi nyuma tu. Alipowauliza mbona hamsimami mkapigana, wakamjibu kwamba hawana miji wala mashamba ya kutetea, ila wana makaburi ya baba zao, ayaguse aone.

Mwisho wa chumba kuna kaburi moja linalonisumbua. Wachimbaji hawakukuta mtu ndani. Farasi yumo, na hatamu zake, na kinyago chenye pembe usoni. Upinde umo, kikombe kimo. Mahali pa kulala mtu ni udongo mtupu. Phoebe anadhani mwenyewe alifia mbali, wenzake wakamzikia farasi wake ili naye awe na kwao.

Na kuna kibati cha dhahabu chenye wanaume wawili, shavu kwa shavu, wakinywea pembe moja. Ndivyo walivyoapa udugu. Kila nikikipita namkumbuka Kaka, tulivyokuwa tukigombea kikombe kimoja cha uji.

Mwanao,
Levis


Malava
31 Machi 2025

Levis mwanangu,

Salamu. Sitauliza afya yako, nitauliza barua ijayo.

Hii inakuja kwa mkono wa Chelsea, binti wa jirani yetu Reuben, anayerudi kazini huko. Barua ya matanga haipigwi picha.

Tumemzika Eugene Jumamosi. Usikasirike kwamba hukuambiwa. Laban alisema ungepinga, na mimi nilijua kama ungepinga ningekufuata. Ni yule farasi aliyenishinda, mwanangu. Nilikaa naye usiku na mchana. Nikajiambia, ikiwa watu wasio na hata ukuta wa udongo walimpa mtu wao kaburi, mimi mwenye shamba namnyima wangu kwa nini? Nikamwita Laban mwenyewe.

Walikata mgomba, wakaukata kwa kimo cha Eugene. Mimi niliuvika ile sweta ya kijani ya shule, kwa sababu ndiyo nguo yake pekee iliyobaki. Shingo ilikataa kupita, nikaichana. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Ng'ombe walipitishwa uani kama wanavyopitishwa akizikwa mwanamume. Nililia kisha nikalala, usingizi ambao sijaupata tangu aondoke.

Nyoa nywele zako. Wewe ndiye ndugu.

Mama yako


Muaither
5 Aprili 2025

Mama, Mama yangu,

Keti kwanza. Olivia, hakikisha ameketi.

Eugene yu hai. Nimemshika kwa mikono yangu. Harun, dereva ninayekaa naye chumba kimoja, aliniambia kuna Mluhya anapika maharagwe na chapati katika kijumba nyuma ya maduka ya Al Mansoura, mtu asiyesema kwao ni wapi. Jana Ijumaa nilienda. Alikuwa amenipa mgongo, lakini mtu hasahau mgongo aliobebwa juu yake.

Alimtoroka kafili aliyemnyang'anya pasipoti, kisha akaungua mguu kwa mafuta, kisha aibu ikamfunga mdomo. Anasema kila mwaka uliopita uliufanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi kuandika. Tumelia hadi chapati zikaungua. Amekubali twende ubalozini akapate karatasi za kurudi. Ameniuliza kama ule mparachichi wako bado unazaa. Nitampeleka nikiwa sina zamu akawaone wale wawili wenye pembe moja.

Waambie wazee wauache mgomba uzae ndizi.

Mwanao mwenye furaha,
Levis


Malava
12 Aprili 2025

Levis,

Olivia amefika leo kutoka chuoni na simu yake. Alikuwa na habari hii wiki nzima, hakujua akujibu nini, na mimi hakuweza kunipigia kwa masikio haya. Nimesoma nimeketi chini, si kitini.

Chelsea ana barua yangu. Usiifungue mbele ya Eugene. Ichome. Tulizika mgomba, tumeshauzika, nitakueleza. Asijue kwa barua. Mwache aje nyumbani, nimwambie mwenyewe nikimshika mkono. Kuna njia ya kumtakasa mtu aliyezikwa akiwa hai, wazee wanaijua, kondoo tunaye.

Fanya haraka.

Mama


Muaither
19 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Natumai u mzima. Sijui niandike vipi, kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa.

Chelsea aliwahi. Alikuja Ijumaa ya tarehe kumi na moja, siku moja kabla ya ujumbe wako. Eugene alikuwa kwangu, tumetoka makumbusho. Alikuwa amesimama sana mbele ya lile kaburi la farasi, akasema, "Huyu mnyama walimkosea. Walimwua kwa ajili ya mtu ambaye labda alikuwa njiani anarudi." Nikacheka tu, sikujua.

Alipoona mwandiko wako kwenye bahasha aliniomba asome yeye. Ningemnyima vipi? Alisoma pole pole. Akauliza, "Sweta ya kijani?" Akakunja karatasi ilivyokuwa imekunjwa, akaiweka juu ya kitanda, nami nikaichukua nikaisoma.

Nilimwambia kuna utakaso. Akasema anaijua mila kuliko mimi. Akasema, "Mama amelala usingizi, Levis. Umesoma mwenyewe. Nikirudi nitamwamsha nikiwa na nini?" Niliposhika mkono wake hakuutoa. Alikunywa chai nusu kikombe, nusu akaniachia.

Jumapili nilienda Al Mansoura. Kijiko chake kinashikwa na mtu mwingine. Kitanda chake kinalaliwa na Mganda ambaye hamjui. Nimeuliza hospitali, nimeuliza kituo cha wanaosubiri kurudishwa kwao. Simu imezimwa. Mimi ndiye niliyekuandikia habari za yule farasi, Mama. Inaniuma mahali ambapo siwezi kupagusa.

Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi. Wanapakia kila kitu kwenye masanduku, hata farasi.

Sijanyoa.

Mwanao,
Levis


Malava
4 Mei 2025

Levis mwanangu, na Eugene, popote barua hii itakaposomwa,

Salamu kwenu wote wawili. Mimi si mgonjwa wala si mzima.

Levis, farasi hakuzika mtu. Mkono uliochana ile sweta ni wangu. Usiubebe mzigo huo, una mwenyewe.

Kaburi nimetaka lifukuliwe, wazee wamekataa, wanasema kilichozikwa hakifufuliwi na binadamu. Lakini walinieleza lingine. Aliyezikwa akiwa hai hapiti tena langoni. Hukatiwa njia mpya uani, apite hapo, kondoo achinjwe, mambo yaishe. Basi sikungoja. Nimechukua panga nikaukata ua mwenyewe, upande wa miwa, karibu na mparachichi. Pengo linamtosha mtu mwenye mabega kama ya baba yenu.

Laban anasema njia haikatwi kabla ya mtu kuonekana. Nimemwambia na mtu hazikwi kabla ya kuonekana, na tulizika.

Usingizi nimeurudisha, Eugene. Siutaki.

Mbuzi wa Reuben wanapita pale kila asubuhi, wamemaliza sukuma wiki zangu zote. Laban amekuja mara mbili na miiba ya kuziba. Nimemrudisha nayo.

Mama yenu