Rakuni Alipokupapasa Uso

Barasa, kaka yangu,

Ni mimi, yule uliyemwita profesa wa darasa la sita. Siku hizi rakuni wote watatu wa arbab, tajiri wetu, wako chini yangu, na kazi nimekushinda. Wakinisikia tu wanakuja mbio. Sawa, wanaijia ndoo ya samaki, lakini ndoo ameibeba nani?

Beseni nimeliacha karibu na gogo, ulivyotaka. Ulinifundisha kwamba kwao Amerika hulala mchana kwenye mashimo ya miti, giza likiingia hushuka mtoni kupapasa kaa na vyura chini ya maji, macho yakitazama kwingine. Hapa Dubai mto wao ni beseni, na ubaridi wa msitu unatoka kwenye kiyoyozi.

Yule jike aliyenaswa porini hakumwamini mtu. Wewe tu ulimpata, kwa ule mtindo wako wa kulala chali sakafuni, kimya, mpaka ashuke akupekue mifuko. Nilikuita maiti wa Bungoma. Mimi nilijaribu dakika mbili, mgongo ukaniwasha, nikasema khalas.

Sasa nisikilize.

Siku ile kiyoyozi kiliharibika tangu saa sita. Jioni nikapita, nikakuona umelala, jike anakupapasa midomo na kope. Nikasimama nje ya wavu wa banda lao, nikasema polepole, "Leo umeweza, maiti." Nikazima simu isije ikamshtua. Nikaenda kula chapati. Nusu saa, Barasa. Nilirudi na chapati yako mkononi, nikakuita, nikakutikisa.

Daktari alisema kilichokuua ni joto na moyo. Akauliza ulianguka saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi tu, mbele yangu.

Mama Neema wako hunipigia kila Ijumaa. Huuliza lile lile: "Shem, alikuwa na mtu?" Humwambia ndiyo, nilikuwa nimekushika mkono. Hunishukuru. Juzi alimpa Neema simu, mtoto naye akanishukuru. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jike hashuki tena nikiwepo. Nalala sakafuni hadi shati linalowa jasho, ananitazama tu kutoka juu.

Ijumaa hii nitampigia Mama Neema mimi kwanza. Nitamwambia nilikuona, nikakutania, nikaenda kula. Asiponiita shem tena, nitanyamaza. Naahidi, na safari hii sijigambi.

Kwaheri, kaka. Ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa pale.